Nilimwambia Mtu Mmoja

Likasi, Panda, tarehe 14 Januari 2024

Yaya Adrien,

Salamu nyingi zikufikie, kaka yangu, huko Mwadingusha, kutoka kwangu mimi mdogo wako, kutoka kwa mume wangu Étienne na kwa binti yetu Emmanuella. Sisi huku wazima. Mvua haijapumzika tangu Noeli, ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu, Étienne ameupaka chokaa mara mbili na ukungu umerudi. Emmanuella amekuwa wa tatu katika darasa lake. Mama, kule Kikula, bado analalamika mguu, lakini Jumapili alikwenda misa kwa miguu akarudi kwa miguu, kwa hiyo si vibaya sana. Samaki uliompa Carlos atuletee kwenye lori lake walifika wakavu, tumewala na bukari ya mahindi siku tatu.

Sasa neno langu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitasema niko salama kabla hujamaliza kuuliza. Najijua.

Mwalimu Franck wa darasa la sita alifariki mwezi uliopita. Alijiua, ingawa kwenye tangazo waliandika kwamba aliugua siku chache. Miaka saba meza yake ilikuwa karibu na yangu katika chumba cha walimu. Siku ya kwanza baada ya mazishi wenzetu walizungumza mpaka kengele ikalia. Mmoja alisema Franck alikuwa mwoga. Mwingine akasema alijipenda mwenyewe tu, kuacha watoto wanne namna ile. Wa tatu akasema ni pepo, na pepo wa aina hiyo wanamwingia mtu asiyesali. Mimi nilikuwa nasahihisha imla. Niliendelea kusahihisha. Nilisikia wakinisema mimi, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Yaya, wazo hilo ninalo. La kujiua. Nilianza kuwa nalo nikiwa na miaka kumi na saba, nilipokuwa nalala shuleni kwa masista. Huwa linaondoka, linarudi. Mwaka huu halijaondoka. Silii. Sina ugomvi na mtu. Naamka, nachemsha maji, nafundisha, napika, na lenyewe lipo. Linakuja nikimenya viazi. Linakuja nikicheka. Watu wanadhani mtu wa namna hiyo anataka kufa. Mimi sijui kama nataka. Nimechoka, hilo ndilo neno la karibu, lakini si uchovu unaoisha kwa kulala.

Sikuombi shauri, wala sikuombi uje. Usimwambie mama. Usimwambie Étienne. Nakuomba uniandikie tu kwamba umesoma.

Mdogo wako,
Émérence


Mwadingusha, tarehe 3 Februari 2024

Mudogo wangu Émérence,

Jambo yako, jambo ya bwana yako na ya mutoto. Minye niko muzuri. Huku muto Lufira imejaa, maji iko na rangi ya matope, na kazi ku mashini ya umeme iko mingi. Barabara imeharibika, Carlos alichelewa siku ine, ni juu ya ile nakujibu leo. Umwambie Emmanuella mujomba wake anafurahi sana.

Nimesoma.

Émé, unakosa nini? Uko na bwana mwenye kazi. Uko na mutoto mwenye akili. Weye ni mwalimu, batu banakuheshimu. Hapa kuna batu banakula mara moja kwa siku, na banacheka. Baba alitulea mu shida, hakusema hata siku moja kama amechoka. Ile maneno unaandika haiko ya muntu mukubwa. Ni kuwaza sana ndiyo inaleta. Punguza kusoma vitabu, ulale mapema, unywe chai ya moto. Rudia kuimba mu koral. Uliacha koral juu ya nini? Ukisali na moyo, itaisha. Na uangalie muzuri: pale kwenye unafundisha hakuna muntu mwenye kukuchukia? Ule Franck hakukupa kintu ya kula?

Usiandike tena neno ile ku karatasi. Karatasi inaweza kuanguka mu mikono ya batu.

Nakutumia samaki ingine, na asali.

Yaya yako,
Adrien


Likasi, tarehe 20 Februari 2024

Yaya Adrien,

Salamu. Étienne amebadilishiwa zamu, sasa anaondoka alfajiri. Mama amepata dawa ya kupaka mguu. Emmanuella ana mafua. Asali ni nzuri.

Barua yako nimeipata, asante kwa mashauri. Hapa hakuna jipya.

Émérence


Mwadingusha, tarehe 4 Machi 2024

Mudogo wangu,

Jambo yenu yote. Huku tuko, mvua na kazi. Nilipata malaria kidogo lakini imepita.

Nimefurahi sana. Barua yako imenionyesha kama sasa uko muzuri, haukuandika tena ile maneno. Unaona? Ni vile nilisema. Endelea na chai.

Mama akikuja kukutembelea na batu wa maombi, usikasirike. Ni mapendo tu.

Yaya yako,
Adrien


Likasi, tarehe 25 Machi 2024

Yaya,

Salamu za nyumba nitaziacha leo. Wote wazima.

Mama alikuja Jumamosi tarehe tisa, asubuhi, pamoja na Maman Germaine wa kikundi cha maombi na wanawake wengine wanne. Nilikuwa nafua. Maman Germaine alinishika mkono ukiwa bado na povu, akasema, "Tunajua yote, mwana. Yaya yako alimwambia mama yako yote."

Waliniweka chumba cha nyuma siku tatu. Walisema nifunge kula. Wao walikuwa wanatoka kwenda kula kwa zamu. Waliniuliza jina la aliyenitumia pepo. Nikasema hakuna. Wakasema anayejibu "hakuna" ndiye pepo mwenyewe, si mimi. Siku ya pili nikataja jina la yule mama aliyekuwa jirani yetu tukiwa wadogo, ambaye alikwisha kufa, ili wanyamaze. Walishangilia sana. Mama alilia kwa furaha.

Étienne aliniuliza swali moja tu: "Ni mwanaume gani?" Nilimwambia hakuna mwanaume. Hajanisadiki. Amehamishia nguo zake chumba cha mbele.

Emmanuella alisimama dirishani. Mama akamwambia, nami nasikia, "Usiingie, maman yako iko na démon." Ana miaka kumi na mmoja.

Habari imefika shuleni. Mkuu wa shule amenipa mapumziko mpaka mwisho wa mwaka wa shule, eti watoto wasiogope. Darasa langu amepewa mwingine. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu za namba, nusu na robo.

Wazo halikuondoka katika siku zile tatu, yaya. Wao walipokuwa wakipiga makofi na kukemea, lenyewe lilikuwa limetulia kuliko sisi wote. Na juma lililofuata, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, halikuwa wazo tu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilimwambia mtu mmoja. Sikuwaambia watu.

Usinitumie samaki.

Émérence


Mwadingusha, tarehe 12 Aprili 2024

Émé,

Jambo yako. Barabara imekatika, lori zinangoja maji ishuke, sijui kama barua hii itakufikia. Nimepata ile yako. Nimeisoma mara mingi.

Minye nilifikiri mama atasali na weye kidogo, kisha atarudi kwake. Sikujua watafanya vile.

Nijibu hata neno moja.

Adrien


Mwadingusha, tarehe 6 Mei 2024

Mudogo wangu Émérence,

Jambo yako, jambo ya Emmanuella. Mvua imeisha huku. Juu ya minye sina habari ya kukupa.

Carlos amerudi. Anasema alikupa barua yangu mu mukono, ulisema asante, ulifunga mulango. Nilimuliza, "Alikuwa namna gani?" Akasema, "Alikuwa muzuri tu, alivaa kitenge safi." Nikamwambia hata marehemu banamuvalisha kitenge safi. Alirudia mu lori yake. Nilimuonea bure.

Nitakuambia sasa kile sikukuambia. Ile barua yako ya kwanza niliisoma nimesimama karibu na lori. Kisha nilienda kazini, chef aliniita mara tatu, sikusikia. Nilishika ufunguo wa kufungia bolti, nikausahau ni wa nini. Niliandika barua mbili, nikazipasua. Ya kwanza ilikuwa na neno moja: Usikufe. Nikaona haya, nikasema muntu mukubwa hawezi kutuma barua ya neno moja. Basi niliandika ile ya chai na koral. Ilikuwa woga, Émé. Uliisoma sawa na hasira, na hata minye niliiandika sawa na hasira, lakini ilikuwa woga.

Kisha nilipanda kwenye kilima penye réseau ya simu, nikamuita mama. Uliniomba nisimwambie, nikamwambia. Sikuweza kubeba ile neno peke yangu hata mwezi moja. Weye umeibeba miaka makumi mbili. Nilijidanganya kama nafanya juu yako. Nilifanya juu yangu.

Juma iliyopita nilienda kwenye dispansari ya huku, kwa Fidélie, muuguzi. Nilijifanya ninauliza juu ya rafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu rafiki ni ndugu yako?"

Nikasema, "Ni mudogo wangu."

"Ulimuliza kama anawaza kujiua?"

"Apana. Nikimuliza, si nitamutia ile mawazo mu kichwa?"

Akasema, "Mawazo iko mule tayari, papa Adrien. Ukimuliza, atajua tu kama hauogopi kuisikia." Akasema ni ugonjwa, unatunzwa. Kuna daktari wa akili ku Lubumbashi, kuna dawa, kuna kuongea. Na kama siku inakuwa mubaya sana, muntu asibaki peke yake, na kintu yenye anaweza kujiumiza nayo iondolewe polepole, bila makelele na bila haya.

Basi nakuuliza. Émérence, unawaza kujiua? Leo pia? Uko na mpango?

Unijibu ile yenye iko kweli. Sitamwambia muntu. Kama naona lazima kutafuta musaada, weye utajua wa kwanza. Ukisema ndiyo, nitakuja. Ukisema apana, nitakuja vilevile. Nimeomba konje ku kazi kuanzia tarehe kumi na nane, na kama ni lazima nitatoka leo. Nitakuja peke yangu.

Nimemwambia Carlos akae mbele ya mulango mpaka umupe jibu.

Adrien


Likasi, tarehe 8 Mei 2024

Yaya Adrien,

Salamu. Emmanuella yuko shuleni, Étienne kazini. Carlos amekaa nje juu ya matofali, nimempa chai na mkate. Ameniambia hataondoka hata nikimfukuza.

Umeuliza maswali matatu. La kwanza, ndiyo. La pili, ndiyo, asubuhi ilikuwa sana, sasa kidogo. La tatu: mpango ulikuwepo tangu mwezi wa tatu. Kuna kitu nilikuwa nimekiweka. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikitoa nikampelekea Arlette wa nyumba ya pili, nikamwambia akitupe mbali, na asinirudishie hata nikimwomba. Alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Sawa." Kisha akaniambia nikae nimsaidie kuchambua matembele. Nimekaa kwake mpaka saa saba. Nadhani alijua. Carlos alitusubiri hapo nje, na yeye nadhani hajui anasubiri nini.

Nimeandika ndiyo mara mbili kwenye karatasi hii. Nilidhani nitasikia kitu nikiiandika. Sikusikia kitu. Lakini mkono haukukataa.

Njoo. Usije na mafuta ya baraka. Usiniambie nina hiki na sikosi kile. Ninavijua vyote, nakaa navyo nyumba moja. Usijaribu kunifurahisha. Ukifika, kaa tu. Kwa daktari wa Lubumbashi nitakwenda, kwa sababu umeniuliza mimi na hukumuuliza mwingine. Mpaka tarehe kumi na nane nitakuwa nashinda kwa Arlette. Nimemwomba, amekubali. Hilo unaweza kumwambia yule muuguzi wako.

Usidhani nimepona kwa kuwa nimejibu.

Émérence


Mwadingusha, tarehe 20 Juni 2024

Mudogo wangu,

Jambo yako, jambo ya nyumba yote. Huku baridi imeanza, asubuhi tunawasha makala mbele ya kazi. Nilifika salama.

Sijui namna ya kuandika ile siku kumi na mbili. Unakumbuka siku ya kwanza nilipika maharage, nikaunguza sufuria, tukakula mukate. Uliniambia, "Yaya, umekaa sawa na polisi." Ni kweli, nilikuwa nakuangalia hata ukienda kuchota maji. Siku ya tatu nilijifunza kuangalia pengine.

Kuna maneno nilikuficha. Asubuhi ile ya kwenda Lubumbashi, Étienne alinifuata nje. Aliniuliza, "Minye nilimukosea nini?" Nilimwambia, "Minye pia niliuliza vile, ni nani alimufanya nini. Haikusaidia." Aliingia kuacha kofia yake ya kazi, akatoka. Kisha akasema, "Basi nitakuja na minye." Ni vile alijikuta mu bisi na sisi. Ulidhani minye nilimuita. Apana.

Ule daktari alinishangaza. Weye ulisema neno ile mbele yake, na hakuruka mu kiti. Aliandika tu, akauliza, "Tangu lini?" Minye nilikuwa nimengoja ashangae. Dawa uimeze hata siku unajisikia muzuri, alirudilia ile mara mbili, na urudi kwake kila mwezi.

Na Emmanuella. Alipokuja jikoni kuniuliza, "Mujomba, maman iko na démon?", niligeukia sufuria. Weye ndiye ulijibu, nyuma yangu, na sahani mu mukono: "Apana. Maman iko na ugonjwa wa mawazo, inamuambia mambo mubaya. Haukuileta weye. Na kuiondoa haiko kazi yako, ni kazi yangu na ya daktari." Akauliza, "Inaambukiza?" Ukasema apana. Akasema, "Basi nioshe vyombo?" Nilitoka nje kidogo, ndiyo sababu.

Vile ulinipa ruhusa, niliongea na mama mbele ya kurudi Mwadingusha. Nilimwambia kosa ya kwanza ni yangu, nilimupa moto mu mikono bila kumwambia inaunguza. Hakulia. Aliuliza tu, "Kumbe nilimufungia mutoto mugonjwa?" Nikasema ndiyo, mama. Hakuniaga muzuri.

Leo iko namna gani?

Yaya yako,
Adrien


Likasi, tarehe 31 Agosti 2024

Yaya Adrien,

Salamu kutoka kwetu sote. Joto limeanza kurudi na vumbi ni jingi. Emmanuella amepanda darasa la sita, amerefuka, sare ya mwaka jana haimfai. Arlette anakusalimu, anasema wewe ndiye mtu aliyeunguza maharage.

Unisamehe kwa kuchelewa. Dawa ilinikausha kinywa na mwanzoni ilinilaza kama gunia, sikuwa na hamu ya kalamu. Daktari ameibadilisha. Nimekwenda kwake mara tatu.

Uliuliza iko namna gani. Katikati ya Julai zilikuja siku tatu mbaya. Nilimwambia Étienne. Nilisema maneno yenyewe, kama ulivyoniuliza wewe, na uso wake ukabadilika, lakini hakuuliza ni mwanaume gani. Alikwenda kuomba ruhusa kazini, akarudi, akakaa ukumbini akitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimeharibika. Alikifungua chote, akakiunga tena. Siku ya nne tulikwenda kwa daktari. Tangu hapo wazo lipo, lakini kuna asubuhi ninafika saa nne ndipo nakumbuka kwamba sijalisikia. Sijui niite nini jambo hilo. Si furaha. Chakula kimeanza kuwa na chumvi.

Kwa mkuu wa shule nilikwenda na karatasi ya daktari. Aliisoma, akaikunja, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika, nina karatasi. Amenipa darasa la pili. Jumatatu naanza, watoto hamsini na wanane.

Mama hakuja mwezi wa sita wala wa saba. Nilidhani amenikasirikia. Wiki mbili zilizopita alifika peke yake, mchana, na mchele ndani ya kitambaa. Aliketi akaanza kuuchambua. Mimi nikaketi upande wa pili wa ungo. Hakusema kuhusu Maman Germaine, wala kuhusu chumba cha nyuma, na nadhani hatasema. Tulipofika nusu ya mchele akasema, bila kuniangalia, "Adrien alisema tunaweza kukuuliza."

"Muniulize, mama."

Akatoa vijiwe viwili, vitatu.

"Ile kintu. Leo iko?"

"Iko."

"Mukubwa?"

"Leo haiko mukubwa."

Akatikisa kichwa, akaendelea na mchele. Alipomaliza akajifunga kitambaa chake akarudi Kikula.

Siku hizi anakuja mara kwa mara, anauliza vilevile, kwa maneno yaleyale, kabla hata ya kusalimu. Jumanne hii aliuliza, nikamwambia ni kubwa. Alisimama kidogo pale mlangoni. Nilisubiri aanze kusali. Alivua viatu, akaingia, akakaa.

Mdogo wako,
Émérence